Mafuta ya Kulaza Majike

Kule kwenye mabanda ya farasi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Mafuta, naye akaitika, kwa sababu hakuwa mtu wa kugombana na watu kwa mambo madogo. Jina lenyewe halikuhusu umbo. Alikuwa mwembamba hadi koti la kazi lilimning'inia mabegani. Lilitokana na kazi yake ya kila asubuhi, ambayo aliifanya hata kabla ya chai: kuwapa farasi majike mafuta.

Tuseme mapema ni mafuta gani, maana wapo watu wakisikia neno hilo wanawaza kikaango. Shamba lile lilikuwa la kuzalisha farasi wa mbio. Madume waliotakiwa walikaa mbali sana, wengine hawajawahi kuonekana pale hata na msimamizi; kilichosafiri ni mbegu zao tu, zikiletwa na gari ndani ya sanduku la baridi. Na mbegu hazina subira. Zikifika, jike awe tayari siku hiyo hiyo, si wiki ijayo atakapojisikia. Sasa farasi jike akiachiwa mwili wake hafuati ratiba ya mtu. Huyu ana joto leo, yule lilimwisha juzi, wa tatu amenuna tu na hutamjua ana nini. Ndipo yanapoingia hayo mafuta. Ni dawa ya manjano, nyepesi, inayoteleza, anayopewa jike mdomoni kila siku, na muda wote anaoipata mwili wake hutulia kama wa jike mwenye mimba: hapati joto wala yai halipevuki. Dawa ikikatizwa, hazipiti siku nyingi majike wote wanapata joto kwa pamoja. Hapo daktari wa farasi anakuja na mashine yake ya picha, anatazama yai limefikia wapi, anapiga sindano ya kuliangusha, na gari la mbegu linapigiwa simu.

Watu wa mabandani walikuwa na maneno yao mafupi. Jike aliye kwenye mafuta walisema "amelazwa". Aliyeachishwa na mwili ukamrudia, walisema "ameamka". Mgeni akipita na kusikia safu nzima imelazwa aliuliza hospitali gani, na kicheko cha swali hilo kilitosha kusukuma siku.

Bi Mafuta alifika pale kama mfagizi wa ujia wa saruji uliokatiza katikati ya mabanda. Wakati huo mafuta yalikuwa kazi ya Kipara, mchungaji wa farasi mwenye umri mkubwa na mdomo usiofungwa, na kila asubuhi nusu ya dawa iliishia kwenye koti lake. Jike akimwona anakuja na bomba la sindano lisilo na ncha, anainua kichwa mpaka kwenye dari. Siku moja Kipara alichoka, akamsukumia mfagizi lile bomba, akasema, "Haya, jaribu wewe unayeongea nao kama watoto." Hakuwa anaongea nao kama watoto, alikuwa haongei nao kabisa. Alimwendea jike kwa ubavuni bila haraka, akaingiza bomba pembeni mwa mdomo pale pasipo na meno, akasukuma, akaondoka. Jike akalamba midomo. Daktari, mama wa makamo mwenye mikono ya kazi, alikuwa ameegemea mlango akitazama.

"Kuanzia kesho ni wewe," akasema daktari. "Ila dada, haya mafuta yasikuguse ngozi. Yanapenya mpaka mwilini, hata kwa binadamu. Vaa glavu."

Alivaa. Mtu asije akasema hakuambiwa, au aliambiwa akapuuza. Glavu za shamba zilikuwa nene, ndefu mpaka kiwikoni, zimekatwa kwa mkono wa mwanamume mwenye vidole vya kushikia shoka. Ndani yake vidole vyake vilipotea, bomba lilimponyoka, majike wakashtuka. Alipoeleza nyumbani, mumewe alicheka kisha akaacha kucheka. Mumewe alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mtu mpole, aliyenyoosha mashuka ya wagonjwa mchana kutwa na akirudi nyumbani hawezi kuona kitambaa kimekunjamana bila kukipitishia kiganja. Wiki ile alirudi na boksi la glavu nyeupe za hospitali, laini, saizi ndogo, alizopewa na mtu wa stoo.

"Hizi zitakukaa," akamwambia. "Madaktari wenyewe wanapasulia watu nazo."

Zilimkaa kweli. Miaka ikapita, na kila boksi lilipokaribia kuisha mumewe alileta jingine bila kuombwa. Asiyeyajua mapenzi ya watu wasio na maneno mengi, hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao.

Kulikuwa pia na dume mmoja pale shambani, wa rangi ya majivu, aliyezidi wenzake kwa kelele na kuzidiwa nao kwa kila kitu kingine. Kazi yake ilikuwa kupitishwa mbele ya majike ili ijulikane nani ana joto. Jike asiye na joto alimpiga teke. Mwenye joto aliinua mkia na kumsogelea, na hapo hapo dume alivutwa kamba akarudishwa bandani kwake, mikono mitupu. Wakamwita Shemeji. Kipara alisema ni kwa sababu anawasalimia wake za watu vizuri sana halafu anakwenda kulala peke yake.

Bi Mafuta hakuwa na mtoto. Alikuwa ameolewa muda mrefu wa kutosha kwa watu kuacha kuuliza, na hapo ndipo pabaya zaidi, maana wanaouliza bado wanatarajia kitu. Aliishi na mumewe kwenye vyumba viwili vilivyotazama uani, na chumba cha tatu kilikuwa cha mama mkwe. Mama mkwe hakuwa mkorofi. Hakutukana, hakununa, na chakula alikula. Kitu kimoja tu: hakusema na mkwewe. Alisema na mwanawe kuhusu mkwewe. "Mwambie mkeo mchuzi umezidi chumvi," na mke mwenyewe amekaa pale, kijiko mkononi. "Mwambie mkeo mvua inakuja, nguo ziko nje." Mume mwanzoni alijaribu kufanya mzaha, akageuka na kurudia maneno kama mkalimani. Baadaye akaacha kurudia, kwa kuwa kila mtu alikuwa amesikia.

Na Bi Mafuta hakusikia uchungu tena. Hili lazima lisemwe wazi, maana majirani walimsifu kwamba amejikaza, ana moyo wa jiwe, ana imani. Upuuzi mtupu. Hakujikaza, kwa sababu hapakuwa na cha kukaza. Zamani kila damu ilipochelewa alinunua kijiti cha kupimia, na kila kijiti kilipotoa mstari mmoja alijifungia bafuni akalia huku maji yakitiririka ili asisikike. Halafu siku moja mstari ulitoka mmoja, naye akakitupa kijiti akaenda kuanua nguo. Tangu hapo hakununua tena. Ganzi ilimwingia polepole, pasipo kubisha hodi, na akaishi nayo vizuri tu. Alifanya kazi, alikula, alilala, alicheka Kipara alipochekesha. Damu yake yenyewe ilikuwa haina adabu: misimu ya kazi nyingi iliruka, ikaja nusu, ikapotea. Alijua ni mwili wake mbovu, akauacha.

Msimu huu majike walikuwa wengi kuliko wakati wowote. Alilaza safu mbili badala ya moja, na akimaliza, glavu nyeupe zilikuwa zimelowa, zinang'aa, mpaka kwenye kifundo. Damu ikasimama kabisa. Akangoja. Matiti yakaanza kumuuma, chai ya asubuhi ikamtia kichefuchefu, na tumbo likajaa kiasi kwamba alisogeza kishikizo cha sketi. Hakununua kijiti. Alikuwa ameshaachana na vijiti. Alimwambia mumewe tu, siku moja akiwa anakunja shuka upande wa pili wa kitanda.

"Nadhani nina mimba."

Mumewe hakuruka wala hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, shuka bado mkononi, akasema, "Ngoja kwanza. Ngoja." Alipongoja vya kutosha akatoka nje, na kupitia ukutani mke alimsikia akizungumza na mama yake kwa sauti ya chini, na mama akasema "Eh!" mara moja tu.

Baada ya muda mfupi mlango ulifunguliwa. Mama mkwe alisimama kizingitini, akamtazama mkwewe usoni, na akasema naye.

"Mwanangu, kaa chini. Hilo shuka atakunja huyu."

Bi Mafuta alikaa. Alisubiri furaha ije, kama unavyosubiri mguu uliokufa ganzi uanze kuchomachoma. Haikuja siku ile. Alijiambia itakuja tumbo likionekana.

Habari ilifika shambani kabla yake, kwa kuwa mama mkwe alikuwa na shoga aliyekuwa na shoga. Kipara alimpokea getini. "Bi Mafuta! Kumbe unawalaza wengine huku mwenyewe uko macho!" Lakini msimamizi wa shamba, mtu wa taratibu, hakucheka. Alimwita kando, akamwambia mwanamke mjamzito hatakiwi kugusa dawa hizo abadani, imeandikwa kwenye boksi, na angejua mapema angemtoa mapema. Ilikuwa asubuhi ambayo safu zile mbili zilikuwa zinaachishwa mafuta hata hivyo; dozi ya mwisho alikuwa ameitoa jana yake. Msimamizi akampeleka chumba cha kufulia, kwenye mablanketi ya farasi.

"Huko hakuna cha kukudhuru," akasema. "Labda manyoya."

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya ghala la majani makavu. Kilikuwa na mashine kubwa moja iliyotetemeka mpaka ikasogea kutoka mahali pake, na dirisha lililofunikwa vumbi. Alifanya kazi hapo siku chache. Mumewe alifurahi kuliko siku zote, akasema sasa nyumba nzima ni wafuaji. Mama mkwe alimpa mto wa kuegemea mgongo na akawa anamwuliza, yeye mwenyewe, uso kwa uso, amelalaje.

Halafu asubuhi moja, akiwa anavuta blanketi lililolowa kutoka kwenye mashine, alimsikia Shemeji. Kelele ile aliijua. Si ya njaa, si ya hasira. Ni ya siku ambayo majike wameamka, mmoja baada ya mwingine wanamsogelea kwenye uzio, naye anavutwa kamba. Alisikiliza akitabasamu kidogo. Kisha akahisi maji ya moto mapajani, akadhani ni blanketi limemwagika, akatazama chini. Hayakuwa maji.

Alifunga mashine. Alijifunga khanga juu ya sketi, akamwambia msimamizi anajisikia vibaya, akaenda nyumbani. Nesi wa mtaa alikuja, akamwuliza damu ya mwisho aliiona lini, akamminya tumbo, akasema kwa upole, "Pole, mama. Imetoka. Ni mapema, imejisafisha yenyewe." Akaacha vidonge vya kuongeza damu kwenye meza na kuondoka zake.

Mumewe alilia. Hakuna aliyewahi kumwona akilia. Alikaa kwenye ngazi ya uani, mchana kweupe, majirani wakipita na ndoo zao, akalia kwa sauti, mabega yakipanda na kushuka, na kamasi akazipangusa kwa mkono wa shati alilolipiga pasi mwenyewe. Mke alimtazama kupitia dirishani. Alijua kwamba na yeye anatakiwa kulia. Alijaribu hata kufikiria mtoto, sura yake, miguu yake, lakini kilichokuja akilini ni mablanketi aliyoyaacha ndani ya mashine, kwamba yatanuka.

Alichokiogopa ni mama mkwe. Alimngoja siku nzima, akijua kwamba mlango ukifunguliwa maneno yatampita juu ya kichwa na kumwendea mwanawe kama zamani. Mama mkwe aliingia na bakuli la supu. Akakaa kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akamshika mguu juu ya shuka.

"Mwanangu," akasema. "Lia usilie, shauri yako. Lakini nakwambia kitu kimoja. Nilikuwa nasema huyu hashiki. Nimesema kwa watu, sitakuficha. Sasa umeshika. Kama umeshika mara moja, basi unaweza. Nimekukosea miaka yote hii."

Bi Mafuta alikunywa supu ile yote. Ilikuwa nzuri.

Aliporudi kazini hakuna aliyempigia kelele. Kipara alikuja chumba cha kufulia na mzigo wa mablanketi begani, akautua, akakosa pa kuweka mikono. Alikuwa mtu ambaye kimya kilimwasha, kwa hiyo akajaza.

"Hujakosa kitu. Ila majike wako, acha tu. Wameamka siku moja, safu zote mbili. Siku ile ile uliyoondoka mapema. Shemeji karibu avunje uzio. Daktari anasema hajaona kundi limekwenda sawa hivyo. Mkono wako huo."

"Siku ile ile?"

"Asubuhi ile ile. Wewe unatoka geti hili, daktari anaingia geti lile na mashine yake."

Kipara aliendelea na mengine. Bi Mafuta alikuwa ameshika blanketi kwa ncha mbili, tayari kulikunja, na hakulikunja. Waliachishwa siku moja, wao na yeye. Wao mafuta yalikatizwa, naye akatolewa. Halafu wakaamka, asubuhi moja. Alilifikiria hilo taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi gizani akiujaribu kila ubao kabla ya kuukanyaga. Alipofika juu, alimkuta Kipara bado anaongea.

Daktari alikuwa kwenye karo la nje, amekunja mkono wa shati mpaka begani, anajisugua kwa sabuni baada ya kazi. Bi Mafuta alisimama pembeni mpaka daktari akageuka.

"Dada. Pole sana. Nilisikia."

"Ahsante, daktari. Nina swali. Yale mafuta, mwanamke akiyapata mwilini, inakuwaje?"

"Damu yake inavurugika. Inaweza kusimama kabisa."

"Na matiti? Kichefuchefu?"

"Inatokea."

"Na akiyaacha?"

Daktari alifunga bomba la maji. "Damu inashuka."

"Baada ya siku chache."

"Siku chache, ndiyo. Lakini wewe unavaa glavu."

Bi Mafuta alitoa mfukoni glavu moja nyeupe, ya boksi la mwisho, akamwonyesha. Daktari aliichukua kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia, na akakaa juu ya ukingo wa karo bila kujali kwamba una maji.

"Hizi ni za kuzuia damu na uchafu," akasema. "Mafuta haya yanazipita. Tena afadhali mikono mitupu, utanawa. Humu ndani yanakaa yamebanwa na ngozi asubuhi nzima. Nilijua unavaa zile ndefu. Nilikwambia glavu, nikaishia hapo. Sikuuliza glavu gani."

"Zile ndefu zilikuwa kubwa."

"Najua. Sasa najua."

"Kwa hiyo hakukuwa na mtoto."

"Siwezi kuapa, dada. Hukupima. Lakini ukiniuliza ninachofikiri, hakuwepo." Akaongeza upesi, kama mtu anayetafuta cha kumpa mgeni wakati kabati ni tupu. "Mwili ukiachana nayo unarudi. Si mara moja, lakini unarudi. Pengine miaka hii yote ilikuwa ni haya mafuta tu. Sitoi ahadi. Pengine."

"Pengine," alisema Bi Mafuta, na akarudi kukunja mablanketi.

Hapa watakuwepo wa kusema, lakini si habari njema hiyo? Kumbe hakufiwa, kumbe huenda si mgumba. Waseme. Wao hawakulishwa supu ile. Bi Mafuta alijua habari zake zikoje. Akisema kweli, mama mkwe aliyeomba radhi atakuwa ameomba radhi kwa kitu ambacho hakikutokea, na jinsi anavyoipenda heshima yake, hatamsamehe mtu kwa hilo. Akisema kweli, mumewe atajua kwamba boksi baada ya boksi alilolileta kwa mapenzi ndilo lililomfunga. Na akinyamaza, hakuna atakayejua. Daktari hatasema. Angebaki kufua mablanketi, mwili ungerudi au usirudi, na ndani ya nyumba angeendelea kuitwa mwanangu. Kunyamaza kulikuwa kwepesi kabisa, na yeye alikuwa hodari wa kunyamaza.

Kilichomshinda ni mume. Kila siku ya mapumziko alitoka peke yake na kukaa pale pale kwenye ngazi ya uani. Hakulia tena, alikaa tu, akitazama kamba ya nguo. Siku moja alimsikia akimwambia jirani kwamba angekuwa wa kike, yeye alishajua tu. Bi Mafuta hakuhuzunika aliposikia. Aliona haya, na haya ilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi tangu siku nyingi sana. Mtu mzima amekaa juani akimwomboleza mtoto, na anayejua ukweli yuko jikoni anamenya viazi.

Aliweka kisu chini, akatoka, akasimama mbele yake. Mama mkwe alikuwa kwa shoga yake. Akamwambia yote, kwa mpangilio, bila kupamba: mafuta, kulazwa, kuamka, asubuhi ile, daktari kwenye karo. Alipofika kwenye glavu sauti yake haikubadilika, na labda ingebadilika ingekuwa afadhali.

Mumewe alitazama viganja vyake.

"Glavu zangu," akasema.

"Hukujua. Na mimi sikujua."

"Nilikuwa nawaomba wanipe saizi ndogo. Walikuwa wananicheka."

"Najua."

Ndege alitua kwenye kamba ya nguo, akaondoka. Mume alikunja pindo la shati lake, akalinyoosha kwa kiganja, akalikunja tena.

"Mama umemwambia?"

"Bado. Nikimwambia, hatasema na mimi tena."

"Atasema. Hatasema. Hilo la kesho. Leo nimeambiwa mimi." Alivuta pumzi ndefu. "Kwa hiyo hapakuwa na mtu."

"Hapakuwa."

"Ndiyo maana hukulia."

"Hapana. Nilikuwa sijajua bado. Sikusikia kitu tu. Sisikii kitu, siku nyingi. Hata sasa hivi."

Alimwinulia uso, na mke aliona kwamba hilo ndilo lililomuuma, si glavu, si mtoto. Alikuwa ameishi na mtu huyu vyumba viwili na hakujua.

"Sasa mimi nilimlilia nani?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

Mumewe alisogea upande mmoja wa ngazi, akapangusa mahali palipobaki kwa mkono.

"Kaa hapa," akasema. "Nililia peke yangu siku ile. Kaa, tulie wote."

"Tumlilie nani?"

"Sijui. Wewe. Kaa tu."

Alikaa. Jua lilikuwa kali na ngazi ilikuwa ya moto. Akainamisha kichwa, akajaribu.